Tajiri anataka kutujengea ghorofa kwenye nyumba ya marehemu baba Magomeni. Tukubali?

Swali, kwa ufupi: Baba alifariki miaka minne iliyopita, akatuachia nyumba ya Kiswahili Magomeni Mikumi. Ina vyumba sita, korido katikati, na uani kuna banda la vyumba viwili. Tuko watoto sita. Dada mkubwa anaishi humo na ndiye anayepokea kodi za wapangaji. Dalali ametuletea tajiri anayetaka kuvunja na kujenga ghorofa nane. Sisi atatupa fleti tatu na fremu mbili, zinazobaki zake. Anataka tumkabidhi hati "ashughulikie vibali". Kaka zangu wako tayari kusaini wiki ijayo, dada hataki hata kusikia. Halafu jirani wa kushoto naye anajenga, wamechimba shimo refu, na ukuta wa chumba cha dada umepasuka. Tufanyeje?

Jibu:

Dada yangu, hati isitoke nyumbani. Hata nakala ya rangi usimpe mtu bila kuandikishana kwamba umempa na ni ya kazi gani. Nitaeleza sababu huko mbele, ila nilitaka uwe umelisoma hilo hata kama mtoto atakuita kabla hujafika mwisho.

Niruhusu nianze na ulichokiweka mwisho, yaani ule ufa, kwa sababu kuna mtu analala kwenye hicho chumba.

Nyumba nyingi za Magomeni za umri wa hiyo yenu zimekaa juu ya msingi mfupi. Mafundi wa enzi hizo walikuwa wanajenga nyumba ya chini, bati juu, basi. Hawakuwa na sababu ya kuchimba kwenda chini sana. Jirani akichimba shimo la mita tatu au nne kwa ajili ya maegesho au stoo ya chini ya ardhi, udongo uliokuwa umeegemeza msingi wenu unabaki hauna cha kuuzuia upande huo. Tena sehemu za Magomeni zinazoshuka kuelekea bonde la Msimbazi maji hayako mbali, kwa hiyo wachimbaji huweka pampu kukausha shimo. Maji yakinyonywa, udongo wa jirani nao unashuka kidogo kidogo. Nyumba inaanza kukaa upande, na ukuta unapasuka.

Si kila ufa ni wa hatari. Ule mwembamba kama unywele, uliotambaa kwenye plasta tu, mara nyingi ni plasta imekauka vibaya. Angalia kama unaanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari. Angalia kama sarafu inaingia, kama unaonekana ndani na nje mahali pale pale, na kama mlango uliokuwa unafungika vizuri sasa unagoma. Ukiona mawili kati ya hayo, dada ahamie chumba cha upande wa pili wa korido leo.

Kisha mwite fundi abandike kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, saruji huku na huku, muandike tarehe pembeni kwa kalamu ya wino mzito. Kioo kikikatika, ukuta bado unatembea. Piga picha siku ya kwanza, upige tena kila baada ya siku chache, na rula iwe imelazwa kwenye ufa ili upana uonekane. Mafundi wamefanya hivi miaka mingi, na picha hizo zitakusaidia kwenye baraza la ardhi kuliko shahidi yeyote wa mtaani.

Nenda pia ukasome bango la ujenzi la huyo jirani. Eneo la kazi linatakiwa kuwa na bango lenye jina la mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi, mbunifu na kibali. Kama hakuna bango, au lipo lakini linataja mkandarasi ambaye hata vibarua wa pale hawamjui, hiyo nayo ni taarifa. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni, idara inayoshughulikia vibali vya ujenzi, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ambatanisha picha. Omba wakague shimo na wasimamishe uchimbaji mpaka kingo zizuiwe. Hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa, maana malalamiko ya mdomo huwa yanaishia getini kwa mlinzi. Wakikaa kimya, mlango unaofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mkaombe zuio.

Sikutishi bure. Jiji hili limeshazika watu kwa sababu ya ghorofa. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, wakafa watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka lingine Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Kila msimu wa ujenzi mnono una wenye haraka zao, na shimo la jirani yako ni mali ya mmoja wao mpaka athibitishe vinginevyo.

Sasa tuje kwa tajiri wenu.

Kwanza, kaka zako hawana cha kusaini wiki ijayo. Hati ikiwa bado iko kwa jina la marehemu, hakuna kati yenu sita mwenye uwezo wa kuuza, kuweka rehani wala kuingia ubia juu ya kiwanja hicho, hata mkisaini wote sita mbele ya wakili. Mwenye uwezo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha familia kinapendekeza jina, muhtasari unaandikwa, mnakwenda na cheti cha kifo, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo mahakama inateua. Kama mirathi inafuata sheria ya Kiislamu au ya mila, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Vinginevyo mtaanzia juu zaidi. Akishateuliwa, msimamizi anapeleka barua za usimamizi kwa Msajili wa Hati ili jina lake liingie kwenye daftari kama msimamizi, halafu mali inagawiwa kwa warithi. Anatakiwa pia kurudisha hesabu mahakamani, ikiwemo hizo kodi za wapangaji. Miaka minne ya kodi si hela ndogo. Mlizungumze hilo mapema na kwa upole, kabla halijageuka silaha ya kumpigia dada yenu.

Tajiri anayejua kazi yake angewauliza habari ya mirathi siku ya kwanza. Huyu hakuuliza, akaomba hati. Mimi hapo tu ningeshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Wakati mirathi inaendelea, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Mtajua hati imesajiliwa kwa jina gani, kama kuna rehani au zuio lililowekwa, na muda wake unaisha lini. Hili la muda wengi hulisahau. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kwa niaba ya wananchi, na alichokuwa nacho baba ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati. Zipo hati za miaka 99, na zipo nyingi za zamani za miaka 33 zilizokwisha bila mwenyewe kujua, huku analipa pango la ardhi kila mwaka kwa moyo mmoja. Wengine walichonacho kabatini ni barua ya toleo tu, yaani ile ya kuarifiwa kwamba umepewa kiwanja, hati yenyewe haikuchukuliwa kamwe. Anayejua kuwa muda wa hati yenu umebaki mdogo, nanyi hamjui, atawashusha bei mkiwa mmekaa naye meza moja mnakunywa soda.

Baada ya hapo ndipo swali la ghorofa nane linapoanza kuwa na maana. Magomeni imepimwa, si Manzese kwa Mfuga Mbwa, na hilo ni bahati yenu. Lakini ilipimwa kwa nyumba za aina hiyo hiyo mliyonayo, yaani korido na uani, familia moja na wapangaji wake. Matumizi yaliyoandikwa kwenye hati huenda ni makazi peke yake. Fremu chini na fleti juu ni makazi na biashara, kwa hiyo lazima yaombwe mabadiliko ya matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Maombi hayo hutangazwa, na majirani wana haki ya kupinga. Kariakoo ilipandishwa ghorofa kwa mpango wa kuendelezwa upya uliotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wa Magomeni wanaona Kariakoo imepanda, wanaona mwendokasi imepita Barabara ya Morogoro tangu 2016, wanadhani ruhusa imehamia nao upande huu. Ruhusa haihami. Ofisa mipango miji wa manispaa ndiye atakayekwambia, kwa kuangalia mchoro wa eneo lenu na Mpango Kabambe wa jiji, kiwanja hicho kinaruhusiwa kubeba nini. Nenda wewe mwenyewe, usimtume dalali.

Na idadi ya ghorofa siyo kipimo peke yake. Manispaa itauliza jengo litafunika kiasi gani cha kiwanja, litaacha nafasi gani pembezoni, jumla ya sakafu zote ukiigawa kwa ukubwa wa kiwanja inakuja ngapi, na magari yataegeshwa wapi. Hapo kwenye magari ndipo viwanja vidogo vinapokwama, na ndiyo asili ya mashimo kama hilo la jirani: maegesho hayaenei juu, yanapelekwa chini. Kiwanja chenu peke yake kinaweza kikakataliwa ghorofa nane. Viwanja viwili vikiunganishwa habari inabadilika. Ndiyo maana ningetaka kujua kama huyo tajiri ameshazungumza na jirani wa kulia au wa nyuma. Kama ameshanunua pale, kiwanja chenu kwake kina thamani kubwa kuliko anavyowaonyesha, kwa kuwa bila nyinyi mradi wake haukamiliki.

Tupige hesabu ya mfano, nambari ni zangu, uzibadilishe ukijua vipimo vyenu. Tuseme kiwanja ni mita za mraba 300 na jengo litafunika 180. Sakafu nane ni 1,440. Ondoa ngazi, lifti na korido, tuseme robo, inabaki 1,080 ya kukaa au kupangisha. Nyinyi mnapewa fleti tatu za mita 70, ni 210, na fremu mbili za mita 12, ni 24. Jumla 234. Hiyo ni kama sehemu moja ya tano. Kaka zako watasema moja ya tano ya ghorofa ni bora kuliko nyumba ya bati. Inawezekana. Ila mita moja ya chini inayotazama barabara hailingani na mita moja ya ghorofa ya saba siku lifti imegoma. Katika huo mfano wangu sakafu ya chini ina nafasi ya fremu kama kumi hivi, na nyinyi mnapewa mbili. Zipi? Za mbele au za uchochoroni? Fleti zenu ziko ghorofa ya ngapi? Kama pendekezo lake halisemi, maana yake atachagua yeye, na atachagua baada ya nyinyi kusaini.

Halafu ndiyo ile hati. Wawekezaji wengi wa aina hii hawaji na fedha ya kujenga jengo zima. Wanakuja na fedha ya msingi na ghorofa mbili tatu, nyingine wanategemea kukopa benki na kuuza fleti kwenye karatasi kabla hazijajengwa. Benki inataka dhamana, na dhamana ni hati yenu. "Kushughulikia vibali" hakuhitaji hati halisi ikae kwake, kunahitaji nakala iliyothibitishwa na barua ya msimamizi. Akiikopea na biashara ikayumba, benki haitamfuata yeye kwanza, itauza kiwanja. Mtaanza kusema hamkuelewa, wakati saini yenu ipo. Umeyaona majengo jijini yaliyosimama ghorofa ya nne miaka na miaka, nondo zinachungulia angani na kutu imeziteremkia ukutani. Kila moja lina familia mahali fulani inayopanga nyumba ya watu huku inasubiri "awamu ya pili".

Kwa hiyo mkifika hatua ya mkataba, yapo ambayo mimi nisingeyalegeza. Hati ikae kwa wakili mnayemlipa nyinyi, au ibaki kwenu. Rehani yoyote iwe kwa idhini ya maandishi ya msimamizi na warithi wote, tena iwekwe baada ya jengo kufika hatua inayoonekana kwa macho. Kuwe na tarehe ya kumaliza, na faini ya kila mwezi akichelewa. Akisimamisha kazi kwa muda mtakaokubaliana, mkataba ufe na kilichojengwa kibaki kwenu. Sehemu zenu zitajwe kwa namba kwenye ramani iliyoidhinishwa, siyo kwa idadi. Na jengo likikamilika lisajiliwe chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ili kila fleti na kila fremu yenu itolewe hati yake kwa jina la mrithi husika. Bila hiyo mtakuwa wapangaji wa heshima kwenye kiwanja cha baba yenu. Sheria hiyo hiyo inawaweka wamiliki wote kwenye umoja wa kuendesha jengo, maana yake kila mwezi mtachangia lifti, pampu ya maji, mlinzi na taa za ngazi. Aliyezoea nyumba ya uani, ambako bili kubwa ni LUKU, ajiandae.

Kabla ya yote hayo, chukua jina la kampuni yake ukaombe taarifa zake BRELA, wakala wa Serikali anayesajili kampuni. Utaona wanahisa ni akina nani na imesajiliwa lini. Kampuni ambayo wanahisa wengi si raia haiwezi kumilikishwa ardhi kama raia, ina njia yake maalumu ya uwekezaji, na huwa naona Mtanzania mwenye sura ya upole akitangulizwa mbele wakati mwenye mali yuko nyuma. Omba pia anwani ya jengo aliloshamaliza. Nenda, panda ngazi, zungumza na mwenye kiwanja wa pale bila yeye kuwepo.

Mambo ya kodi nayapitia haraka: mkiamua kuuza badala ya ubia, TRA watadai kodi ya faida, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ambao kwa kawaida ni wa mnunuzi. Pango la ardhi liwe limelipwa lote au uhamisho hautapita.

Unaniuliza mkubali au mkatae. Kwa masharti hayo, kataeni. Lakini msikatae wazo lenyewe. Nyumba ya korido karibu na mwendokasi haitabaki kama ilivyo muda mrefu, na wapangaji wa vyumba wa leo ndio wanunuzi wa fremu wa kesho. Kama ningekuwa ndugu yenu ningemaliza mirathi, ningepata majibu ya manispaa kwa maandishi, kisha ningemwita mthamini aliyesajiliwa atuambie kiwanja kina thamani gani leo kikiwa kitupu. Bei hiyo mkononi, mnaweza kuzungumza na watu watatu, huyu akiwa mmoja wao. Na ikiwa watoto sita hamwezi kukaa meza moja kwa miaka mitatu ya ujenzi, uzeni mgawane. Wengine watanikasirikia kwa hilo, eti urithi hauuzwi. Nimeona ubia mbaya ukivunja undugu vibaya kuliko kuuza.

Kuhusu dada yenu mkubwa, msimchukulie kama kikwazo. Anauliza jambo moja ambalo kaka zenu hawajamjibu: atakaa wapi wakati wa ujenzi, na atakula nini kodi za vyumba zikikatika? Majirani zenu wa Magomeni Kota wanajua jibu la swali hilo likiachwa wazi. Kaya 644 ziliondolewa pale kupisha nyumba mpya, na nyumba hizo zilizinduliwa Machi 2022, karibu miaka kumi baadaye, na huo ulikuwa mradi wa Serikali. Kwa hiyo kwenye mkataba iandikwe kwamba mjenzi atalipa pango la nyumba ya dada na fidia ya kodi za wapangaji tangu siku mnayotoka mpaka siku mnayokabidhiwa funguo, ilipwe kila baada ya miezi sita, mapema, kwa njia ya benki. Wapangaji nao wapewe notisi ya maandishi na warudishiwe kodi ambayo hawajaikalia. Tajiri akikubali sharti hilo bila kusuasua, ana fedha kweli. Akianza kusema mambo hayo ni madogo, tutaelewana mbele ya safari, basi kaka zako wamrudishie dalali namba yake ya simu.

Kesho asubuhi lakini, kabla ya mahakama na manispaa, mwite fundi wa kile kioo.